Umekufa, kaa chini

Juzi nilikuwa Matondoni, Lamu, natazama kijana akikalafati mashua, yaani akiziba nyufa za mbao zake: pamba iliyoloa mafuta, patasi butu, nyundo. Fundi wake alikuwa ameondoka kwenda kuswali Alasiri. Kijana hakumngoja, aliendelea na ufa mpaka mwisho wa ubao. Mimi nikipanda manowari nakwenda kutafuta kitu hichohicho. Kazi yangu ni kupima mabaharia wana mchango gani katika kuiokoa meli iliyokwisha kupigwa.

Tuanze na maji. Tundu la kipenyo cha sentimita 10, mita 2 chini ya uso wa bahari, huingiza tani 100 na ushee kwa saa. Lizibe robo tatu tu, kwa kigingi cha mbao laini na matambara, zitabaki kama tani 26. Hizo pampu moja nzuri ya kubebeka huzimudu. Tani 80 zilizozuiwa hazimhusu aliyechora meli, ni kazi ya mikono. Basi napima hivi: meli ingekuwaje kama hakuna aliyegusa kitu, na imekuwaje walipogusa. Kila dakika ya kusitasita ni karibu tani 2 ngamani, chini kabisa ndani ya meli.

Taabu ni kwamba mazoezi mengi hufanywa na hodari wote wakiwa hai (na makamanda hupenda kunionyesha hao tu). Tarehe 29 Julai 1967, moto ulipozuka kwenye USS Forrestal, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, katika Ghuba ya Tonkin, bomu la kwanza lililipuka baada ya dakika moja na nusu hivi, likawaua wengi wa kikosi cha zimamoto. Waliobaki walijitosa kwa ujasiri, lakini hawakuwa na mafunzo: wengine wakamwaga povu la kuzimia moto, wengine wakapiga maji palepale, na maji yakalifagia povu. Walikufa watu 134. Aprili 1988, manowari nyingine ya Marekani, USS Samuel B. Roberts, ilipasuliwa na bomu lililotegwa majini katika Ghuba ya Uajemi, chumba cha injini kikafurika. Mabaharia wake walihangaika saa nyingi usiku, wakafunga hata nyaya za chuma kuushika muundo uliopasuka. Hakufa hata mmoja.

Kwa hiyo siku hizi nikianza zoezi namshika bega kiongozi wao: "Umekufa, kaa chini." Kisha natazama saa.

Kwenye meli moja, nisiyoitaja, vigingi vilikuwa kabatini, kabati lina kufuli, na ufunguo umo mfukoni mwa marehemu. Baharia mmoja akamwinamia kwa adabu: "Afande, naomba ufunguo." Nikamwambia maiti hajibu. Zikapita dakika 9, yaani tani 16 hivi, watu wakitazamana. Ndipo kijana wa jikoni, ambaye jina lake halikuwemo hata kwenye orodha ya kikosi, akachukua shoka ukutani akavunja kufuli.

Nilimpa alama za juu kuliko wote. Mwenye stoo bado ananidai kufuli.