Stempu yenye kosa, na kwa nini hupanda bei

Stempu yenye kosa ni stempu ya posta iliyochapwa tofauti na ilivyokusudiwa, ikawapita wakaguzi bila kuonekana, kisha ikauzwa kihalali kwenye dirisha la posta. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Karatasi iliyoharibika ikatoroshwa kutoka kiwandani ni taka ya mchapaji. Ina wanunuzi wake, lakini haipewi heshima ileile.

Zamani stempu ya rangi mbili ilipita mashineni mara mbili, kila rangi na zamu yake. Karatasi ikiingizwa kinyume katika zamu ya pili, picha hutokea kichwa chini ndani ya fremu yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa stempu ya Marekani ya senti 24 ya mwaka 1918, ambayo ndege yake aina ya Curtiss inaruka magurudumu juu. Mkusanyaji wa stempu, William Robey, alinunua shiti nzima (karatasi yenye stempu zisizochanwa) ya stempu 100 mjini Washington kwa dola 24, na siku chache baadaye akaiuza kwa dola 15,000. Haikujulikana shiti nyingine iliyofika kwa wananchi. Mwaka 2023 stempu moja tu kati ya zile 100 iliuzwa mnadani kwa dola zaidi ya milioni 2.

Uswidi nako, mwaka 1855, stempu ya skilling 3 (skilling ni fedha ya Uswidi ya wakati huo) iliyopaswa kuwa ya kijani ilichapwa kwa manjano, rangi ya stempu ya skilling 8. Inajulikana moja tu duniani.

Kwa hiyo wanachonunua watu si kosa lenyewe. Wananunua uhaba ambao hakuna aliyeupanga. Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa mwaka 1962, Marekani ilipotoa stempu ya senti 4 ya kumkumbuka Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Katika shiti chache rangi ya manjano iliyo nyuma ya picha ilichapwa kichwa chini, na waliozipata wakajiona matajiri. Mkuu wa posta, J. Edward Day, hakutaka idara yake iwe bahati nasibu: akaamuru kosa lilelile lichapwe tena kwa makusudi, mamilioni kwa mamilioni. Mkusanyaji mmoja aliyekuwa na stempu za kwanza alikimbilia mahakamani kuzuia uchapaji huo, akachelewa. Leo stempu hiyo hupatikana kwa bei ya kutupa, ingawa kosa liko palepale. Binafsi namhurumia yule mkusanyaji, lakini sijui somo lingine linaloeleza jambo hili vizuri hivyo.

Kosa pia lazima lionekane. Picha iliyopinduka, rangi iliyokosekana kabisa au vitundu vya kuchania visivyokuwapo humvutia hata asiyejua stempu. Rangi iliyosogea kidogo, au doa la wino, ni kasoro ndogo tu, na bei yake huwa ndogo vilevile.

Hapo ndipo matapeli huingia. Rangi inaweza kufutwa kwa kemikali au kufifishwa na jua, na vitundu vya pembeni vinaweza kukatwa kwa wembe, kisha stempu ya kawaida ikanadiwa kama adimu. Ndiyo maana mnunuzi makini huomba kwanza cheti cha wataalamu walioikagua karatasi, wino na gundi yake, kabla hata ya kuuliza bei.