Petroli ya Oktani Gani Inafaa Gari Lako? Fungua Kwanza Mfuniko wa Tenki

Kuhusu mafuta, wenye magari hutuuliza sisi wahandisi swali moja kuliko mengine yote: "Nikiweka petroli ya bei ya juu, gari litaongezeka nguvu?" Kwa IST, Vitz, Passo, Premio na Noah nyingi zinazotembea Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, jibu ni hapana. Kwa Forester ya turbo au Mark X ya cc 3500 mambo ni mengine kabisa: hiyo ilibuniwa kwa petroli ya oktani ya juu, na ukiizoesha ya chini unaipunguzia uhai. Umri wa gari hauhusiki hapa, wala bei uliyonunulia. Kinachoamua ni jinsi injini ilivyoundwa, na mtengenezaji ameshaandika jibu kwenye kitabu cha gari, mara nyingi na ndani ya mfuniko wa tenki pia.

Namba ya oktani hupima kitu kimoja tu, nacho ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa na joto bila kujiwasha yenyewe. Ndani ya silinda, pistoni hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi hupiga cheche, kisha moto husambaa kuanzia kwenye plagi kuelekea kwenye kuta. Wakati moto unasambaa, mchanganyiko ulioko pembeni ambao bado haujafikiwa unazidi kubanwa na kupata joto. Petroli yenye oktani ndogo kuliko mahitaji ya injini haivumilii. Hulipuka yote kwa mkupuo kabla moto haujaifikia. Mafundi husema injini inagonga.

Usiutafute mlio wa kugonga gari likiwa limeegeshwa linaunguruma. Hutokea injini ikiwa na mzigo. Chukua gari lililojaa abiria na mizigo, linapanda mlima Kitonga wa Iringa mchana wa jua kali, dereva hataki kushusha gia, amekanyaga mafuta hadi chini ilhali injini inazunguka polepole. Hapo utasikia mlio mkavu wa harakaharaka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Akiachia pedeli kidogo, unapotea. Ukiachwa uendelee miezi na miezi hutoboa uso wa pistoni, huvunja ringi na kuunguza gasketi ya silinda hedi, na hapo fundi atakuambia ushushe injini.

Magari mengi ya siku hizi yana nok sensa, kifaa kilichofungwa kwenye bloku ya injini kusikiliza mlio huo. Kikiusikia, kompyuta ya injini huchelewesha cheche na mlio hukoma. Injini inanusurika, ila nguvu zinapungua na ulaji wa mafuta unapanda, kwa hiyo shilingi uliyookoa kwenye pampu inakutoka barabarani. Na kwa kuwa hakuna kelele, mwenye gari hulalamika tu kwamba gari "limekuwa zito".

Upande wa pili nao usemwe wazi. Lita moja ya oktani ya juu haina nishati ya ziada ya kukusukuma. Injini ya cc 1500 ya IST ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, yaani hubana mchanganyiko hadi sehemu moja ya 10.5 ya ujazo wake, na imepangwa kutosheka na petroli ya kawaida ya Japani. Ukiipa ya juu zaidi haina pa kuitumia. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida na hakikuona faida ya kuyajaza ya daraja la juu, iwe kwa nguvu, ulaji wa mafuta au moshi. Ningependa kila mmiliki wa gari dogo alijue hilo, kwa sababu fedha inayopotea hapo ingenunua oili nzuri na plagi za uhakika.

Sasa turudi kwenye mfuniko. Magari mengi ya mitumba huku kwetu yanatoka Japani, na kibandiko chake kimeandikwa kwa Kijapani. Ukiona maandishi haya, レギュラー, au 無鉛レギュラーガソリン, gari linataka petroli ya kawaida isiyo na madini ya risasi. Ukiona ハイオク au プレミアム, linataka ya oktani ya juu. Kiwango cha Japani kinaagiza ya kawaida isipungue RON 89 na ya juu isipungue RON 96 (RON ndicho kipimo cha oktani kinachotumika Japani na kwetu). Kama kibandiko kimebanduka au kimefichwa na rangi mpya, tafuta kitabu cha modeli hiyohiyo kwa namba ya injini. Usiridhike na jina la gari peke yake: Mark X ya cc 2500 ya kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2009, iliundwa kwa ya kawaida, wakati ndugu yake ya cc 3500 inadai ya juu. Forester isiyo na turbo hutumia ya kawaida. Yenye turbo kwa kawaida hapana, kwa sababu turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda na kuongeza shinikizo. BMW, Mercedes na Audi za petroli kwa kawaida huanzia RON 95.

Penye mtego mkubwa ni kwenye magari yaliyotoka Marekani. Kule namba inayobandikwa kwenye pampu ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON, na MON hupimwa katika hali ngumu zaidi, kwa hiyo wastani hutoka mdogo. Petroli yao ya 87 ni sawa na RON 91 au 92 hivi, na 91 yao inakaribia RON 95 au 96. Mtu aliyeagiza gari lenye kitabu kinachosema 91, akalijaza RON 91 akidhani amepatia, amelishusha daraja zima bila kujua. Magari ya Dubai na Oman hayana tatizo hilo, maana Ghuba hutumia RON kama sisi.

Kituoni, uliza namba ya RON, usiulize jina. Baadhi ya vituo vina petroli ya pili yenye jina la kuvutia na bei ya juu, lakini kilichoongezwa huenda ni dawa ya kusafisha nozeli zinazonyunyizia petroli kwenye injini. Dawa hiyo ina manufaa yake, ila haibadilishi oktani. Mhudumu asipojua, mwombe msimamizi. Hiyo ni haki yako kama mnunuzi.

Mara nyingine namba kwenye pampu ni sahihi na injini bado inagonga, kwa sababu petroli imechakachuliwa. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na kiasi kidogo tu kikichanganywa hushusha petroli nzuri. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Ukijaza mahali na gari likabadilika tabia papo hapo, tunza risiti na utoe taarifa kwa mamlaka ya udhibiti wa nishati: EWURA kwa Tanzania au, kwa Kenya, EPRA.

Kwa anayeishi Njombe, Mbeya au Nairobi, hewa nyepesi ya nyanda za juu hupunguza shinikizo ndani ya silinda, hivyo injini isiyo na turbo haigongi kwa urahisi. Gari hilohilo likiteremka Tanga au Mombasa kwenye joto huonyesha udhaifu uliokuwa umejificha.

Dawa za chupa za kuongeza oktani siziungi mkono kwa matumizi ya kila siku. Nyingine hutegemea misombo ya chuma au manganizi ambayo huacha utando kwenye plagi. Tuliwahi kuongeza oktani kwa madini ya risasi, uvumbuzi wa mwaka 1921, na ilituchukua hadi mwaka 2006 kuiondoa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kwa sababu ilidhuru akili za watoto.

Ikitokea gari la oktani ya juu limejazwa ya chini kwa bahati mbaya, huna haja ya kumwaga tenki. Endesha taratibu, shusha gia mapema mlimani, usibebe mzigo mzito, na tenki likifika nusu ongeza ya juu. RON 91 na 95 nusu kwa nusu hukupa takriban 93. Likiendelea kugonga hata kwa mwendo huo, lisimamishe na fundi apime joto la injini, taimingi (wakati wa kupiga cheche) na aina ya plagi zilizofungwa, maana huenda petroli haina kosa.