Samaki Wasipoelea, Msiseme Wako Salama

Juzi nimeulizwa tena, kikaoni, na mtu mzima mwenye dhamana: "Kama mafuta yaliyomwagwa na meli yaliwadhuru samaki, mbona hatukuwaona wakielea?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Samaki mkubwa ana mapezi, mara nyingi huhama. Akibaki, ini lake huzivunjavunja hidrokaboni, yaani kemikali za mafuta, na kuzitoa kupitia nyongo, ndiyo maana minofu ikipimwa huweza kuonekana safi. Pimeni nyongo. Hilo tuliache.

Yai halina pa kukimbilia. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska, ikamwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi kwenye ghuba ya Prince William. Mwezi uliofuata heringi, ndugu wa saradini, wakaja pwani kutaga kwenye mwani kama desturi yao. Mayai yao hunata, na yakishanata hayatoki.

Sasa linaloniudhi: watu hudhani mafuta huua kwa kufunika tu, kama lami. Hapana! Kuna yanayoyeyuka majini usiyaone. Hidrokaboni zenye pete tatu za kaboni, kama fenanthrini, hupenya yai na kuufikia moyo ungali unaumbika. Seli za moyo hudunda kwa kupitisha potasiamu na kalsiamu kwa zamu. Fenanthrini huzuia njia hizo. Mapigo hupungua, hupotea mpangilio, na maji hujaa kuuzunguka moyo. Chini ya hadubini kifaranga wa samaki anang'aa kama kioo, kifua kimevimba, moyo umekuwa uzi. Na kiwango kinachotosha kuleta madhara ni sehemu chache tu katika bilioni. Maji hayo ukiyatia kwenye glasi utayaona safi.

Anayepona je? Alaska walilea mayai ya samoni kwenye maji yaliyopita katika kokoto zenye mafuta ya zamani, wakawatia alama vifaranga walioonekana wazima, wakawaachia baharini. Waliorudi wakiwa wakubwa walikuwa wachache kuliko wenzao waliolelewa kwenye maji safi. Moyo ulioumbika vibaya hauwezi mbio, na baharini asiye na mbio huliwa.

Heringi wa ghuba ile waliporomoka mwaka 1993, miaka minne baadaye. Ningependa kusema ni mafuta tu. Siwezi. Virusi vilikuwepo, uhaba wa chakula nao umetajwa, na wataalamu wanabishana hadi leo. Lakini ubishi huo ni wa hesabu ya samaki wa ghuba nzima. Kuhusu moyo wa kifaranga sina ubishi na mtu.

Kwa hiyo meli ikimwaga mafuta, nendeni kwenye mwani wiki ile ile mkachukue mayai kabla hayajaanguliwa. Kifaranga wa heringi akitoka yaini hafikii sentimita moja. Akifa huliwa au huoza upesi, na hakuna atakayemwona akielea.