Gari la umeme, Moshi hadi Arusha linafika?

Ile meseji kwamba gari la umeme likitoka Moshi linazima Boma Ng'ombe imerudi tena kwenye magrupu, jamani tusiifowadi. Moshi Arusha ni kama kilomita 80 tu, na magari mengi mapya ya umeme yanaenda 300 na zaidi kwa chaji moja, tena kwenye mteremko mota inarudisha umeme kidogo kwenye betri. Unabisha? Mwombe mwenye nalo uangalie dashibodi, inaandika kilomita zilizobaki. Watu wanachanganya sababu wameona yale ya mtumba ya 2011 hivi, betri imechoka, hayo kweli yanaweza kukuaibisha njiani. Dar ndo kazi sasa, zaidi ya kilomita 500, lazima ujue utachajia wapi, hapo petroli bado ina raha yake.