Bangi, ugonjwa wa akili na hofu ya polisi

Neno ninalolikuta zaidi kwenye barua za rufaa za vijana wanaoletwa katika kliniki yangu ya magonjwa ya akili ni bangi. Wakati mwingine ndilo maelezo yote: mwanamume, miaka 22, anaongea peke yake, bangi. Aliyeandika haelezi kijana alianza kuvuta akiwa na umri gani, kama sauti alianza kuzisikia kabla au baada ya kuvuta, wala kama katika ukoo wake yupo aliyewahi kuugua. Neno moja limekwisha kutoa hukumu, na hukumu hiyohiyo husikika kila mjadala wa sheria unapoibuka: bangi inaleta kichaa, kwa hiyo lazima ibaki marufuku. Nimeona wagonjwa wa kutosha kuikubali sehemu ya kwanza ya kauli hiyo, kwa masharti. Sehemu ya pili nimeacha kuikubali.

Nianze na ushahidi wa madhara, kwa kuwa wanaotaka bangi iachiwe huru hupenda kuupita haraka. Kemikali ya bangi inayolevya, iitwayo THC, imewahi kudungwa maabarani kwa watu wazima wenye afya njema, na kwa muda mfupi baadhi yao wakapata shuku na hisia za ajabu zinazofanana na za wagonjwa wetu. Hali hiyo hupita. Swali gumu ni la ugonjwa unaobaki, na utafiti uliolifungua swali hilo ulichapishwa mwaka 1987 nchini Sweden, baada ya kufuatilia kwa miaka 15 vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Kati ya 41,280 waliosema hawajawahi kuvuta, 197 waliugua skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili ambao mtu husikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Kati ya 752 waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50, waliugua 21. Ukipiga hesabu, hatari ni karibu mara sita. Watafiti walipozingatia mambo mengine, yakiwemo matatizo ya akili ambayo baadhi ya vijana walikuwa nayo tangu siku ya kuandikishwa, tofauti ilishuka hadi mara mbili na kidogo. Utafiti mwingine mkubwa, uliofanyika zaidi Ulaya na kuchapishwa mwaka 2019, uliona kwamba anayevuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi ana uwezekano wa karibu mara tano wa kupata saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza uhalisia, kuliko asiyevuta kabisa.

Namba za Sweden zina upande wa pili ambao hutajwa mara chache. Kati ya wale 752, vijana 731 hawakuugua skizofrenia, na wengi wa walioipata walikuwa hawajawahi kuvuta. Sisemi hivyo ili kumtuliza mtu, maana mama wa mmoja wa wale 21 hafarijiki kwa hesabu. Nasema kwa sababu hatari haikugawanywa sawasawa: inamwelemea zaidi aliyeanza akiwa mtoto, anayevuta kila siku, anayevuta bangi kali, na mwenye ugonjwa huo katika damu ya ukoo wake.

Swali hili si geni. Mwaka 1893, India, nchi ambayo jina bangi lina asili yake huko, serikali ya kikoloni iliunda tume kuchunguza, miongoni mwa mambo mengine, kama mmea huo ndio unaojaza hospitali za vichaa. Kati ya wagonjwa 1,344 waliopokelewa mwaka 1892, 222 walikuwa wameandikiwa kwamba chanzo ni bangi. Tume ilipozipitia upya kumbukumbu za kila mmoja, ikakuta kwamba mara nyingi chanzo kilitokana na maelezo ya polisi waliomleta mgonjwa, pasipo uchunguzi wa maana. Wakabaki 98. Tume ikashauri kodi na udhibiti badala ya katazo. Mimi huikumbuka kila nifunguapo barua ya rufaa yenye neno moja.

Mama mmoja alimleta mwanawe akiwa ameshikwa mikono na wajomba wawili. Kijana alikuwa amekonda, anageuka kila mlango unapofungwa, na mama alikuwa na mfuko wa plastiki wenye chupa tatu za dawa ya mganga. Nilimuuliza ameugua tangu lini.

“Huu mwezi wa nane, daktari.”

“Mbona hukumleta mapema, mama?”

Alijibu kwa sauti ya chini: “Tuliambiwa mkimpima mkojo mnaita polisi.”

Hatuiti polisi, lakini angejuaje? Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ina adhabu nzito, na waliolima bangi wamefungwa miaka 30. Saikosisi inayokaa miezi mingi bila tiba hupona kwa shida zaidi, hivyo ile miezi minane ilikuwa sehemu ya ugonjwa wake. Katazo hutetewa kwa jina la vijana kama huyu, na ndiyo maana linaniuma linapowazuia wasinifikie.

Wala katazo halijatuletea bangi isiyo kali. Mamlaka zetu zimekuwa zikitangaza kukamata skanka, ambayo ni bangi yenye THC nyingi, pamoja na biskuti zilizochanganywa na bangi. Anayesafirisha kwa kujificha hupendelea mzigo mdogo wenye nguvu kubwa, na hakuna anayempimia mnunuzi.

Hata hivyo, kuiachia biashara huru si jibu ninalolitaka. Canada ilihalalisha bangi Oktoba 2018, na katika jimbo la Ontario sehemu ya wagonjwa wapya wa skizofrenia inayohusishwa na matatizo ya bangi yaliyofikisha watu hospitalini ilipanda kutoka asilimia 3.7 kabla ya mabadiliko ya sheria hadi asilimia 10.3 baada yake. Jumla ya wagonjwa wapya wa skizofrenia haikubadilika sana, lakini daktari anayeipuuza namba kama hiyo hatendi haki. Uingereza ililegeza adhabu tu mwaka 2004, bila kufungua maduka, na uvutaji ukaendelea kushuka. Mwaka 2009 adhabu ikarudishwa juu kinyume cha ushauri wa baraza la wataalamu la serikali yenyewe. Kulegeza adhabu ya mvutaji na kufungua soko ni mambo mawili, na mijadala yetu huyachanganya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kumuuzia mtoto kubaki kosa zito, skanka iendelee kusakwa, na mtu mzima anayekutwa na msokoto wake asifikishwe jela. Nataka pia sheria itamke waziwazi kwamba anayesema mbele ya daktari kuwa anavuta hawezi kushtakiwa kwa kauli hiyo, ili nasi tuweze kulibandika tangazo hilo mlangoni.

Kwenye faili la kijana yule niliandika: alianza kuvuta akiwa na miaka 14, kila siku tangu 17, mama yake mdogo aliugua na hakutibiwa, sauti zilianza baada ya kufiwa na baba. Maelezo hayo yalichukua saa nzima, na mengi aliyatoa mwenyewe, baada ya kuniuliza mara mbili kama mlangoni hakuna mtu.