Je, wajua kwa nini kopo la kunasa oili kwenye gari la zamani halichuji?

Ukifungua boneti ya Morris Minor, gari la Kiingereza lililoundwa kati ya 1948 na 1971, huenda ukakuta kitu ambacho kiwanda hakikukiweka: kopo lenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Mipira miwili inaingia humo, mmoja kutoka kifuniko cha vali, mwingine kutoka ubavuni mwa injini. Wa tatu unatoka kwenda kwenye chujio la hewa la kabureta. Kazi ya kopo ni kunasa oili isiende kuungua na kuchafua plagi. Inanaswaje?

Jibu langu lilikuwa tayari: inachujwa, kama chai. Nilipotengeneza la kwangu nikalijaza vitambaa, nikashindilia kwa bisibisi. Mfuniko wa kumiminia oili nao nikaubadilisha, nikaweka usiopitisha hewa kabisa. Siku ya tatu oili ilikuwa inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, imejiinua kwenye tundu lake.

Nikasema sili ya nyuma, ile pete ya kuzuia oili isivuje, imekufa. Kumbe injini ile haina sili ya mpira nyuma ya krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni! Ina mfereji uliochongwa kwa mzunguko kama uzi wa skrubu, unaoisukuma oili irudi ndani shafti inapozunguka. Ni kitu cha ajabu na kinafanya kazi, mradi ndani ya injini hakuna shinikizo. Shinikizo nililitia mwenyewe, kwa vitambaa.

Maana petroli ikiwaka, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni hadi kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Injini ikichoka, hupenya nyingi. (Wapo wanaosema ni pistoni zinazopampu hewa zikishuka. Kwenye silinda nne, mbili zikishuka mbili zinapanda, hivyo haziongezi kitu.) Gesi hiyo lazima itoke, na njiani inabeba ukungu wa oili unaorushwa na krankishafti. Zamani ilimwagwa tu barabarani kwa bomba lililoelekea chini. California ndiyo iliyotangulia kutaka irudishwe injini ikaungue, kuanzia magari ya 1961.

Sasa turudi koponi. Fikiria daladala iliyojaa, dereva anakata kona ghafla. Gari limegeuka, lakini jamaa aliyesimama bila kushika bomba anaendelea na safari yake ya mwanzo hadi anapokutana na dirisha. Gesi ndiyo daladala, tone la oili ndiye huyo jamaa. Ndani ya kopo kuna kibati kinachoilazimisha gesi kukata kona. Gesi inageuka, tone linagonga ukuta, linanata, linaungana na wenzake, linachuruzika chini. Upana wa kopo nao unasaidia: mto ukiingia bwawani hupunguza mwendo na kutua tope lake.

Ila matone madogo sana hayanaswi hivyo. Hayo ni kama vumbi linaloelea ndani ya daladala: kona ikikatwa, linageuka pamoja na hewa. Ndiyo maana watu huweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zilizotawanywa, si kushindiliwa. Ni kama kupita Kariakoo siku ya sikukuu: njia ipo, lakini utagusana mabega na mtu. Tone likigusa uzi, limenasa. BMC, kampuni iliyounda Morris kwa miaka mingi, walitumia wazo hilohilo kwenye kopo la injini ya Mini, gari lao dogo.

Nisikudanganye: kopo haliponyi ringi zilizokwisha, linakuonyesha tu zimekwisha kiasi gani. Anayekuuzia kwa ahadi ya kuongeza nguvu za farasi, mwache aendelee kuongea. Na mipira isiwe myembamba kuliko matundu ya injini, la sivyo utarudia kosa langu kwa bei ghali zaidi.

Jambo la mwisho ni hicho unachokimwaga. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa egzosi, lakini sehemu yake hupita na ile gesi kama mvuke na kugeuka matone koponi. Mimi gari langu ni la kwenda sokoni na kurudi, injini haiwahi kupata moto sawasawa, hivyo ninachokuta ni uji mwepesi wa rangi ya chai ya maziwa, unaonuka petroli. Wa kwanza niliudhania oili nzuri, nikataka kuurudisha kwenye injini.