Vichujio na vifaa vya droni: yanayosemwa dukani na yanayopimika angani

Katika maduka ya katikati ya jiji la Kampala, droni ndogo ni nadra kuuzwa peke yake. Muuzaji huiambatanisha na mkoba wa vifaa: seti ya vichujio vinne au sita vya lenzi, vikinga vya rafadha (propela kama mafundi wanavyoziita), vibati vya kukuza mawimbi ya antena, kitambaa cha kurukia na kutulia, pamoja na kadi ya kumbukumbu yenye tarakimu kubwa usoni. Mnunuzi, ambaye mara nyingi ni kijana anayeanza kazi ya kurekodi harusi na sherehe za kwanjula (za kumtambulisha mchumba kwa familia), hulipa akiamini kwamba kila kilichomo kina kazi yake. Baadhi ya vitu hivyo vina kazi kweli. Vingine vilitengenezwa kwa jua la kwingine, au kwa lenzi ya aina nyingine, na wakati mwingine kwa hofu ya mnunuzi tu. Zifuatazo ni dhana ninazozisikia mara kwa mara miongoni mwa warusha droni wenzangu, na yale ambayo vipimo vinasema.

"Kichujio cha ND huipendezesha rangi ya video"

Kichujio cha ND ni kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga wa rangi zote kwa kiasi kilekile, na hakina kazi nyingine. Namba yake hueleza kiasi hicho: ND8 hupitisha sehemu moja ya nane ya mwanga, na ND64 sehemu moja ya sitini na nne. Kikitengenezwa vizuri, rangi hubaki kama ilivyokuwa. Kikitengenezwa ovyo, rangi huharibika, na vile vyeusi sana vya bei rahisi huyageuza majani ya migomba kuwa na uhudhurungi kwa sababu huzuia mwanga unaoonekana huku vikiacha miali ya infraredi ipite. Niliwahi kununua seti ya namna hiyo, nikatumia siku mbili kurekebisha rangi ya kazi ya saa moja.

Kwa nini basi tupunguze mwanga? Sababu ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu. Desturi ya video ni kwamba kila fremu ipigwe kwa nusu ya muda wake, yaani ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata iwe 1/50. Hapo mwendo huacha ukungu mdogo ambao jicho huuona kuwa wa kawaida, ilhali shata ya kasi mno huifanya picha irukeruke kama vibonzo. Nimetaja fremu 25 kwa makusudi. Umeme wa Uganda ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kila sekunde, na shata ya 1/50 au 1/100 hulingana na mpepeso huo. Anayerekodi sherehe usiku kwa fremu 30 na shata ya 1/60, kwa kuwa tu ndivyo alivyoona kwenye mafunzo ya Wamarekani ambao umeme wao ni wa mizunguko 60, huenda akakuta mistari ya giza ikipanda na kushuka juu ya hema la bibi harusi.

"Seti ya ND4 hadi ND32 inatosha kila mahali"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hesabu yenyewe si ngumu. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni kwamba kwenye jua kali lisilo na wingu, tundu la lenzi likiwa f/16 na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa 100, shata inayofaa ni 1/100. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi. Lenzi za droni ndogo nyingi zina tundu lisilobadilika, kwa hiyo mwanga hauwezi kupunguzwa humo. Droni yenye f/2.8, kama Mini 2 ya kampuni ya DJI, hupokea mwanga takriban mara 33 zaidi ya ule wa f/16, na shata yake hulazimika kufika karibu 1/3,200. Ili kuirudisha kwenye 1/50 unahitaji kugawanya mwanga kwa 64 au zaidi kidogo, yaani ND64. Sasa chukua droni yenye f/1.7, kama Mini 3 Pro. Mwanga unaoingia ni takriban mara 88 ya ule wa f/16, shata inakaribia 1/8,800, na kichujio kinachohitajika kipo kati ya ND128 na ND256. Ndiyo maana seti ya DJI yenyewe kwa droni hiyo ina ND16, ND64 na ND256. Mtu aliyevalisha ND32 saa saba mchana atakuwa bado anarekodi kwa shata ya karibu 1/280, akijiuliza kwa nini video yake haifanani na zile alizozitazama.

Hesabu hiyohiyo hueleza kwa nini kichujio cheusi kuliko vyote si jibu la kila siku. Mawingu mazito ya Aprili au Novemba yanaweza kuondoa hatua tatu za mwanga, yaani kuugawanya kwa nane, na hapo droni ya f/1.7 iliyohitaji ND128 jana inahitaji ND16 leo. Jioni nayo ina tabia yake katika nchi iliyo juu ya ikweta. Jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa kila saa, na huzama karibu saa moja kasoro. Mwanga wa dhahabu unaoelezwa na warusha droni wa Ulaya kama kipindi kirefu cha utulivu, kwetu ni mfupi. Ukipaa na ND64 saa kumi na mbili, huenda ukatua kubadilisha kichujio na kukuta mwanga umekwisha. Mimi huanza na ND16 au ND8 na kuvumilia shata iliyo kasi kidogo dakika za mwanzo.

Wapo wanaodhani kwamba kichujio cha ND cha kuzungusha, ambacho giza lake hubadilika, kinamaliza tatizo hili. Hakuna kidole cha kukizungusha kikiwa angani. Zaidi ya hapo, kioo hicho hufanywa kwa polaraiza mbili zilizobebana (vioo vinavyozuia mawimbi ya mwanga yaliyolala upande mmoja), na kwenye lenzi pana zinapokaribia mwisho wa giza lake huacha kivuli cha umbo la msalaba katikati ya anga.

"Bila ND video ya droni haifai"

Dhana hii huenezwa na wale waliokwisha kuelewa maelezo ya hapo juu nusu. Ukungu wa mwendo hutegemea umbali. Droni ikienda mita 10 kwa sekunde, katika 1/50 ya sekunde husogea sentimita 20. Kwa lenzi pana inayolingana na milimita 24, kamera ikitazama chini kutoka mita 100, kila nukta (pikseli) ya video ya 4K inafunika takriban sentimita nne za ardhi, kwa hiyo sentimita 20 ni nukta tano tu. Kutoka mita tano juu ya mafunjo ya ziwani, sentimita 20 hizohizo ni karibu nukta mia moja. Anayerekodi mashamba ya chai kutoka juu sana hatapata faida kubwa ya kichujio, ilhali anayefuata mtumbwi kwa chini ataiona tofauti kwenye fremu ya kwanza. Kwa picha za mnato, isipokuwa unapotaka kuyalainisha maji ya maporomoko kama ya Sipi, kiondoe kabisa. Shata ya kasi ndiyo inayokupa picha kali.

"Polaraiza huondoa mng'ao wote wa maji"

Polaraiza ni kichujio ninachokipenda, na ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Mwanga ukigonga maji na kurudi kwa mshazari, mawimbi yake huwa yamelala upande mmoja, na kioo hiki kinaweza kuyazuia. Lakini kazi hiyo hufanyika vizuri kamera inapoyatazama maji kwa pembe ya takriban nyuzi 37 kutoka usawa wa maji. Kamera ikielekezwa wima chini, mwanga unaorudi haukupangika hivyo, na polaraiza haitaondoa chochote. Mtu anayeruka juu ya Ziwa Bunyonyi akitaka kuonyesha kina cha maji kwa kutazama chini moja kwa moja amevalisha kioo cha giza bila faida.

Kwa upande wa anga, polaraiza hukoleza buluu katika sehemu iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Jua likiwa upande mmoja, droni ikigeuka, buluu hukolea na kufifia ndani ya video moja, na kwa kuwa kioo kimefungwa kabla ya kupaa, huwezi kulirekebisha hilo. Hapa ikweta inatupa zawadi ambayo vitabu vya kaskazini havitaji: karibu na mwezi wa Machi na Septemba, jua la mchana huwa karibu utosini, na upeo wote wa macho unakuwa nyuzi 90 kutoka kwake. Mawimbi ya anga karibu na upeo huwa yamelala, sawa na yale yanayotoka majini. Ukikipanga kioo mara moja kabla ya kupaa, kitatumika pande zote kwa muda mfupi huo.

"Kichujio cha UV huondoa utusitusi"

Vihisi vya kamera za kisasa haviathiriwi sana na miali ya urujuanimno (UV), na kioo cha lenzi tayari kinazuia sehemu kubwa yake. Utusitusi wa Januari unaotanda juu ya Kampala ni vumbi na moshi, na havichujwi na kioo chochote. Kama ni cha kukinga lenzi, sawa, ingawa kwenye droni kama za Mini 3 kichujio huchukua nafasi ya kioo cha kinga kilichokuwapo, kwa hiyo hujaongeza kinga yoyote.

"Kikiingia, kinafaa"

Kamera ya droni hushikiliwa na gimbali, mkono wenye mota ndogo mno zilizopimwa kwa uzito wa kamera ile. Kichujio kizito kilichotengenezwa kwa modeli nyingine kinaweza kuvaa vizuri na bado kuifanya mota ichoke, ipate joto, au itoe onyo na kulegea hewani. Kifunge droni ikiwa imezimwa, kisha uiwashe na kuiacha ijipime kwenye sehemu tambarare.

Rafadha nazo zina dhana zake. Za nyuzi za kaboni husifiwa kwa ugumu, lakini ugumu huo ndio unaopeleka mshtuko wa ajali kwenye mota, mahali ambapo plastiki ingevunjika na kuiokoa. Iliyochubuka ukingo ibadilishe pamoja na mwenzake wa mkono uleule, kwa sababu zisipolingana huleta mtetemo unaoifanya video icheze kama uji. Vikinga vya rafadha vinafaa ndani ya ukumbi. Nje hushika upepo na kupunguza muda wa kuruka, wala havimzuii mwewe aliyeamua kwamba anga ya Kampala ni yake.

Kitambaa cha kurukia, ambacho wengi hukiona anasa, ndicho kifaa cha bei ndogo ninachokitetea. Udongo mwekundu wa marramu hupeperushwa na rafadha zenyewe na kuingia kwenye mota na viungo vya gimbali. Zulia la gari hufanya kazi ileile.

"Dakika za kwenye boksi ni dakika za kuruka"

Mini 3 Pro huandikwa dakika 34 kwa betri yake ya kawaida. Kipimo hicho kilichukuliwa bila upepo, kwa mwendo wa kilomita 21.6 kwa saa. Kampala ipo takriban mita 1,200 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa karibu asilimia 11. Kabale, karibu mita 2,000, upungufu unakaribia asilimia 18. Rafadha hulazimika kuzunguka kasi zaidi ili kubeba uzito uleule. Ongeza upepo, na akiba ya asilimia 20 ambayo mtu mwenye busara haigusi, na dakika 22 zinakuwa matarajio ya haki. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, ningenunua betri ya tatu kabla ya kichujio chochote. Ihifadhi ikiwa na chaji ya nusu hivi, na ukisafiri kwa ndege ibebe mkononi. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayopakiwa chini.

Kuhusu kadi ya kumbukumbu, tarakimu kubwa ya kasi iliyoandikwa usoni kwa kawaida ni ya kusoma, si ya kuandika. Video ya megabiti 150 kwa sekunde inaandika chini ya megabaiti 19 kwa sekunde, na alama ya V30 inahakikisha kasi ya kuandika ya 30. V90 haitakupa ubora wowote zaidi. Kilicho muhimu ni kwamba kadi iwe halisi, kwa kuwa za bandia hujionyesha kuwa na gigabaiti 128 huku zikiwa na sehemu ndogo tu ya hizo. Ijaze yote kwa programu ya majaribio kama H2testw kabla ya kwenda nayo kazini.

"Chini ya gramu 250 hakuna kibali"

Mpaka wa gramu 250 umetoka katika sheria za Marekani na Ulaya. Uganda ina kanuni zake, na droni huhitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (UCAA) pamoja na kibali cha usalama kutoka Wizara ya Ulinzi, kuanzia kuingizwa nchini. Ndani ya hifadhi kama Murchison Falls kuna ruhusa nyingine ya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA). Hata kwa anayepeleka droni yake kwenye nchi zinazotumia mpaka huo, vifaa huuvunja kimyakimya: betri kubwa ya Mini 3 Pro, inayoahidi dakika 47, huipandisha droni ya gramu 249 hadi takriban 290.